Nguvu za Kisaikolojia za Wauguzi na Moyo wa Kujitolea Kazini katika Ukanda wa Dhahabu

Muuguzi anayebaki wodini baada ya zamu yake kwisha ili kumsaidia mwenzake aliyelemewa, au anayemwelekeza muuguzi mpya bila kuagizwa, hutenda jambo lisiloandikwa katika orodha ya majukumu yake. Mwenendo huo wa hiari ulielezwa kwa kina na mtaalamu wa Marekani, Dennis Organ, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1988. Kwa maelezo yake, mwenendo huo hauna malipo ya moja kwa moja, lakini ukijumlishwa huimarisha utendaji wa taasisi.

Chimbuko lake mojawapo ni kile ambacho Fred Luthans na wenzake walikiita mtaji wa kisaikolojia, wenye nguzo nne: kujiamini, tumaini, kutazamia mema na ustahimilivu.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, nguzo hizo hupimwa na mazingira ya uchimbaji madini. Kifusi kinapoporomoka, majeruhi wengi huweza kufikishwa hospitalini kwa wakati mmoja. Mwaka 2015, wachimbaji watano waliokolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyangarata, Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi kwa siku 41. Aidha, vumbi la miamba husababisha silikosisi na huongeza hatari ya kifua kikuu.

Kujiamini humwezesha muuguzi kuchukua hatua na kuwaongoza wenzake wakati wa dharura. Tumaini humfanya atafute njia nyingine pale mgonjwa anapohamia machimbo mengine kabla ya kumaliza dozi. Kutazamia mema humwepusha na kukata tamaa, nao ustahimilivu humrejesha kazini baada ya kufiwa na mgonjwa.

Nguvu hizo si kipaji cha kuzaliwa nacho pekee. Hujengwa kwa mafunzo, ushauri nasaha, ratiba ya zamu yenye haki na viongozi wanaotambua juhudi za walio chini yao. Vilevile hupungua. Hiari inapogeuzwa kuwa sharti, au inapotumiwa kuziba upungufu wa watumishi, muuguzi huchoka na mgonjwa hukosa huduma makini. Hivyo, anayethamini moyo wa kujitolea hana budi kwanza kumlinda anayejitolea.