Nakshi ya Kamba Kwenye Bakuli la Tawo

Bakuli la Fes, Moroko, hupambwa kwa brashi: maua na nyota za buluu juu ya weupe unaometa. Ukanda wa Migori na Homa Bay, nchini Kenya, ulifuata njia nyingine. Hapa nakshi ilitiwa udongo ukiwa bado mbichi, kabla ya moto, na ndiyo maana imedumu hata pale chombo kilipovunjika.

Ushahidi ulifukuliwa miaka ya 1980 kwenye maporomoko ya Gogo, katika Mto Kuja, kaunti ya Migori, ambako mwanaakiolojia Peter Robertshaw alikuta tamaduni kadhaa mahali pamoja. Vigae vikongwe zaidi ni vya Kantsyore, vya wavuvi na wawindaji waliopenda kukijaza chombo alama za kukandamizwa. Watu wa utamaduni huohuo waliacha malundo ya makombe ufukweni mwa Ghuba ya Winam, upande wa Homa Bay. Kisha, takriban miaka 2,000 iliyopita, wakaja wafugaji wa Elmenteitan, ambao mabakuli yao aghalabu hayana pambo lolote. Vyombo vya Urewe, utamaduni mwingine uliokutwa hapo, navyo vina mistari ya kuchorwa na kibonyeo kitakoni.

Kamba ilikuja baadaye. Mfinyanzi husuka kipande kifupi, akakiviringisha juu ya udongo mbichi, na safu za vitone zikajichapa shingoni mwa chungu. Hana gurudumu wala tanuri. Vyombo hupangwa uwanjani, vikafunikwa kuni na nyasi, vikachomwa.

Miongoni mwa Wajaluo kazi hii ni ya wanawake. Mtafiti Ingrid Herbich, aliyeandika juu yao mwaka 1987, alieleza kwamba wengi hujifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe au mke mwenza. Hilo ni jambo kubwa: mtindo wa chungu ni wa boma alikoolewa mtu, si wa alikozaliwa.

Tawo, bakuli la kupakulia samaki na mboga, ndilo lililoumia zaidi. Sahani za bati, kisha za plastiki, ziliingia, nazo hazivunjiki zikianguka. Dapi, mtungi wa maji, umestahimili zaidi, kwa kuwa maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya udongo, yakakauka kwa nje na kuyapoza yaliyomo. Ndoo ya plastiki haiwezi kazi hiyo.