William Astor Chanler: Mwanasiasa wa Marekani Aliyepita Tana na Lorian

Mnamo Septemba 1892 msafara wa zaidi ya watu 100 uliondoka sehemu za Lamu na kushika njia ya Mto Tana. Mwenye msafara alikuwa kijana wa Kimarekani wa miaka 25, William Astor Chanler. Miaka saba baadaye angeketi katika Bunge la Marekani mjini Washington. Kabla ya hapo, jina lake liliandikwa kwenye ramani ya nchi ambayo leo ni Garissa, Isiolo na Wajir.

Chanler alizaliwa mwaka 1867 huko Newport, Rhode Island, katika nyumba ya mali na siasa. Baba yake, John Winthrop Chanler, alikuwa wakili wa New York aliyekaa bungeni kuanzia 1863 hadi 1869, akiwa mwanachama wa chama cha Democratic katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake. Mwaka 1866 wabunge wenzake walipiga kura ya kumkemea rasmi kwa lugha aliyotumia dhidi yao. Alifariki mwaka 1877, na watoto wake wakalelewa kwa urithi wa ukoo wa Astor wa upande wa mama yao, mmojawapo wa koo tajiri kuliko zote Marekani. Lewis, mdogo wake William, alifuata sheria kama baba yao, hata akawa naibu gavana wa New York. William aliacha masomo ya Harvard akaja Afrika. Mwaka 1889 alizunguka nchi ya Kilimanjaro, na miaka mitatu baadaye akarudi kwa safari kubwa zaidi.

Safari hii ya pili aliandamana na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, aliyekuwa amefika Ziwa Turkana pamoja na Teleki, msafiri wa Hungaria, mwaka 1888. Lakini mwendo wenyewe ulikuwa wa wapagazi kutoka Unguja. Kila mmoja alijitwika kichwani au begani mzigo wa kilo 30 hivi wa nguo, ushanga, seng'enge, risasi au chakula. Walitembea kwa amri ya wanyapara, wakingoja posho ya jioni. Kando yao walikuwapo askari wa Kisudani na Wasomali wa kutunza ngamia. Mtoni, chakula kilitoka kwenye mashamba ya Wapokomo, na mitumbwi yao ndiyo iliyovusha watu na shehena. Juu zaidi, kupita ilipo Garissa ya leo, msafara uliwakuta Wakorokoro, wanaojulikana sasa kama Wamunyoyaya. Kambi kuu ikawekwa mahali palipoitwa Hameye, kando ya Tana.

Kutoka hapo Chanler na von Höhnel walikwenda hadi Mto Ewaso Ng'iro, wakaufuata kuelekea mashariki. Walipita maporomoko ambayo ramani zikaja kuyaita kwa jina la Chanler. Huko Ulaya ilivuma habari ya ziwa kubwa liitwalo Lorian. Mwanzoni mwa 1893 walifika na kukuta kinamasi: matete, tope na mbu. Kwa wafugaji wa huko hilo halikuwa jambo geni. Walijua mto unapotandaa, unapokauka, na mahali pa kunyweshea mifugo kiangazi kinapokaza. Maji yanayozama katika nchi ile ndiyo hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Merti, ambayo visima vyake vinanywesha Habaswein na Dadaab hadi leo.

Baada ya hapo safari iliharibika. Wanyama wa mizigo walikufa kwa wingi. Agosti 1893 von Höhnel alijeruhiwa vibaya na faru, wapagazi wakambeba hadi misheni ya Waskoti ya Kibwezi. Mwishoni mwa mwaka wapagazi waliobaki walikataa kuendelea, wakarudi pwani. Chanler aliwaita watoro, nao wakuu wa Unguja wakamlaumu yeye kwa namna alivyowatendea. Kwa maoni yangu, watu waliobeba mizigo mwaka mzima na zaidi katika nchi kame, wasijue mwisho wa safari, walikuwa na haki ya kusema basi.

Chanler alifika Mombasa mapema 1894, na mwaka 1896 akachapisha kitabu cha safari yake. Mwaka 1898 aliingia bunge la jimbo la New York, akashiriki vita vya Marekani na Hispania, kisha akawa mbunge katika Bunge la Marekani kuanzia 1899 hadi 1901. Alifia Ufaransa mwaka 1934.

Kitabu chake kina thamani kwa mwanahistoria wa Garissa, kwa sababu kinaonyesha bonde la Tana kabla ya utawala wa Waingereza kujikita humo. Lakini ni ushahidi wa upande mmoja. Wamunyoyaya, Wapokomo, Waorma na Wasomali wana masimulizi yao ya miaka ile, na wazee wanaoyajua wanazidi kupungua. Shule, maktaba na idara za utamaduni za kaunti zetu ziyarekodi sasa, ziyaweke rafu moja na kitabu cha Chanler, ili mwanafunzi wa Garissa asome habari za mto wake kutoka pande zote mbili.