Kampuni ya malori ya mtandaoni: Uanzishe yako au ujiunge?

LORI la mizigo linalotoka Mpwapwa hupita Kongwa, likatokea Mbande na kuingia barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro. Hapo hukutana na semitrela zinazotoka Bandari ya Dar es Salaam kuelekea Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Scania, Volvo, DAF na Mercedes-Benz zikifuatana usiku na mchana.

Magari ya majina hayo hayo ndiyo yanayoendeshwa katika mchezo wa kompyuta wa Euro Truck Simulator 2, uliotolewa Oktoba 2012 na kampuni ya SCS Software ya Prague, Jamhuri ya Czech. Mwenzake, American Truck Simulator, ulifuata Februari 2016. Mchezaji hukaa mbele ya usukani, au mbele ya kibodi kama usukani hana, akabeba shehena kutoka mji mmoja hadi mwingine, akajaza mafuta, akalala anapochoka na kulipa faini anapozidisha mwendo.

Ramani ya Ulaya katika mchezo huo imefinywa takriban mara 19. Safari ya kilomita 450, ambayo ni kama umbali wa Dodoma hadi Dar es Salaam, humalizika chini ya nusu saa. Howo za Kichina zilizojaa katika barabara zetu hazimo miongoni mwa magari rasmi ya mchezo, na Afrika haimo kwenye ramani yake rasmi.

Mchezo wenyewe humruhusu mtu kuwa tajiri wa malori. Huanza kama dereva wa kukodiwa, akaendesha gari la wengine, kisha akakopa benki, akanunua lori lake la kwanza, gereji, na mwishowe akaajiri madereva. Madereva hao, hata hivyo, ni wa kompyuta. Hawagomi, hawaugui, na hawamwulizi tajiri wao kwa nini fulani amepandishwa cheo na wao wameachwa.

Kampuni ya malori ya mtandaoni ni kitu kingine. Hiki ni kikundi cha watu halisi, pengine wa nchi nyingi, wanaokubaliana kuendesha chini ya jina moja, rangi moja na uongozi mmoja. Brela haiisajili, TRA haiidai kodi na Latra haiipi leseni. Haina lori hata moja. Mali yake yote ni wanachama wake na saa zao.

Kampuni za namna hiyo zilipata uwanja mpana mwaka 2014, baada ya wapenzi wa mchezo huo kuandaa mfumo wa kuchezea pamoja ambao leo unajulikana kama TruckersMP. Kabla ya hapo kila mchezaji alikuwa peke yake barabarani. Leo, katika seva za mfumo huo, barabara kati ya Calais na Duisburg inajulikana kwa foleni na ajali kuliko pengine popote katika ramani nzima, na yote hayo yanasababishwa na binadamu.

SCS Software yenyewe ilichelewa. Ilileta njia yake rasmi ya msafara mwaka 2021, ambapo marafiki hadi wanane waliweza kuendesha pamoja.

Mchezaji anayetaka kuingia katika ulimwengu huo ana milango miwili: kuajiriwa katika kampuni iliyopo, au kufungua yake. Vijana wengi huvutiwa na mlango wa pili, na sababu haijifichi. Neno “mkurugenzi” ni tamu, na kufungua kampuni hakuhitaji mtaji wala wakili. Ni kazi ya jioni moja: jina, nembo, ukurasa wa mazungumzo kwenye Discord, na tangazo kwamba madereva wanahitajika.

Ugumu huanza asubuhi yake.

Dereva wa kampuni iliyoanzishwa na wengine kazi yake ni fupi. Hujaza fomu ya maombi, akaeleza umri wake, lugha anazozijua na saa ambazo amekwisha kuendesha. Akikubaliwa, mara nyingi hupewa muda wa majaribio. Husakinisha programu ya kuhesabu safari, kama vile TrucksBook, Trucky au VTLog, ambayo husoma taarifa kutoka kwenye mchezo: mzigo ulikotoka na ulikokwenda, kilomita, mafuta na uharibifu wa shehena. Taarifa hizo huingia moja kwa moja katika daftari la kampuni. Kilichobaki kwake ni kuendesha, kutimiza kilomita za mwezi kama kampuni inazidai, na kuhudhuria misafara.

Mkurugenzi hana raha hiyo. Lazima asome maombi, ajibu maswali, aweke masharti na kuyasimamia. Dereva mmoja amemgonga mwenzake kwa makusudi. Mwingine ametukana hadharani. Wa tatu amevusha kilomita nyingi ajabu kwa kukimbiza lori kasi isiyo ya kawaida, na madereva waaminifu wanataka kujua kama zitahesabiwa. Yote hayo humfikia yeye, na kwa kawaida humfikia usiku.

Msafara mmoja tu huonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Kampuni mwenyeji huchagua mji wa kuanzia, njia na mji wa kumalizia. Huchora ramani ya maegesho na kugawa nafasi, kwa sababu kila kampuni alikwa huomba nafasi yake mapema ili malori yake yasimame pamoja. Huchunguza kama njia inapita katika nchi ambazo ramani zake huuzwa kando, kwani asiyezinunua atakwama mpakani. Huweka lori la kuongoza na lori la kufunga mkia. Siku ya safari watu hukusanyika mapema, kisha malori huondoka kwa zamu, kundi baada ya kundi.

Katika pilikapilika hizo, mwandalizi huweza kumaliza usiku mzima bila kugusa usukani. Hili ndilo jambo ambalo mwanzilishi mgeni huligundua akiwa amekwisha kuchelewa: alianzisha kampuni kwa sababu anapenda kuendesha malori, na kampuni imemnyang'anya usukani.

Mpwapwa ina historia yake katika suala hili la kuongoza na kuongozwa. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mbele yake kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali, na baada ya nyika hiyo nchi ya Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kwa kila msafara uliopita.

Mei 1871 Henry Morton Stanley alifika hapo akiwa njiani kumtafuta David Livingstone. Alikuwa na msafara wake, fedha zake na bendera yake. Pamoja na hayo, alipofika Chunyo, mwendo wa saa chache kutoka Mpwapwa, aliunganisha msafara wake na ile ya wafanyabiashara Sheikh Thani na Sheikh Hamed, wakawa watu wapatao 400. Uongozi wa msafara huo mkubwa katika kuvuka Ugogo hakuuchukua yeye. Alikabidhiwa Sheikh Hamed.

Stanley hakuwa mtu wa kupenda kuamriwa. Hesabu aliyoifanya Chunyo ilikuwa ya kawaida kwa kila mwenye msafara aliyefika hapo: nguvu ya wengi ilikuwa na faida kuliko cheo cha mmoja.

Kwa mchezaji wa leo wa wilaya hiyo, hesabu ina vipengele vyake, na cha kwanza ni vifaa. Euro Truck Simulator 2 huchezwa kwenye kompyuta, huhitaji nafasi ya gigabaiti 25 hivi na kadi ya picha yenye uwezo, jambo ambalo kompyuta nyingi za ofisini hazina. Ndiyo maana vijana wengi wa Tanzania na Kenya wameujua udereva wa mtandaoni kupitia simu, hasa katika Bus Simulator Indonesia, mchezo uliotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya Indonesia, ambao wachezaji huupamba kwa rangi za mabasi ya nchi zao. Mchezo huo nao una msafara wa mtandaoni. Lakini programu za kuhesabu safari zilizotajwa hapo juu zimetengenezwa kwa ajili ya malori ya SCS kwenye kompyuta, hivyo mwenye simu peke yake hawezi kuajiriwa katika kampuni hizo.

Kipengele cha pili ni bando. Kuendesha kwenyewe hakuli data nyingi. Kinachomaliza bando ni kupakua mchezo na masasisho yake, na hayo hayana ubishi: toleo la seva likibadilika, asiyesasisha anabaki nje. Mkurugenzi hana uchaguzi wa kusubiri mwisho wa mwezi, kwa kuwa kampuni yake haiwezi kuondoka bila yeye. Dereva anaweza kukosa msafara mmoja, akaomba radhi na maisha yakaendelea.

Kipengele cha tatu ni umeme na mtandao wenyewe. Mnamo Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na Seacom zilizopita chini ya bahari zilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Dereva wa hapa aliyekuwa katika kampuni ya Ulaya alihesabiwa kuwa mtoro kwa kosa lisilo lake. Kwa sababu hiyo, kabla ya kujaza fomu, ni busara kusoma masharti ya utoro kuliko kutazama uzuri wa nembo. Kampuni inayomfukuza mwanachama kwa wiki moja ya kimya haimfai mtu anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa.

Kampuni inayoanzishwa na Mtanzania ingekuwa na faida hapo. Ingejua umeme wetu, saa zetu na lugha yetu, na dereva angeweza kueleza ajali yake kwa Kiswahili bila kutafuta maneno. Hoja hii ina uzito, nayo ndiyo sababu pekee ya kweli ya kuanzisha kampuni mpya badala ya kuongeza nyingine katika msitu wa zilizopo. Tamaa ya cheo haitoshi. Kampuni nyingi za namna hiyo huzaliwa na kufa kabla rangi ya lori la kwanza haijazoeleka.

Anayefikia uamuzi huo na afanye kwanza miezi kadhaa ya udereva katika kampuni ya wengine. Humo atajifunza jinsi maombi yanavyopokewa, jinsi ugomvi unavyoamuliwa na jinsi msafara unavyopangwa, makosa yote yakiwa ya gharama ya mwingine. Kisha asianze peke yake. Walau awepo mtu wa kupokea madereva na mtu wa misafara, na wote watatu wakubaliane mapema kwa maandishi nani atabaki na ukurasa wa kampuni iwapo mmoja ataondoka. Suala hilo la mwisho hupuuzwa kwa sababu ya urafiki, na ndilo linalovunja urafiki.

Aidha, ipo tahadhari ya fedha. Fedha za ndani ya mchezo si fedha; hazitolewi M-Pesa wala benki, na cheo cha “meneja” katika kampuni hizi ni kazi ya kujitolea. Mtu anayedai ada ili kumpa mwenzake ajira ya udereva wa mtandaoni anapaswa kukimbiwa. Kadhalika, hakuna kampuni inayohitaji neno la siri la akaunti ya Steam ya dereva wake. Akaunti hiyo ndiyo inayobeba michezo yote aliyoinunua, na akiitoa amekwisha kugawa mali yake.

Upo pia mlango wa tatu ambao vijana wenye haraka ya ukurugenzi hawauoni. Marafiki watano wa Mpwapwa wenye kompyuta, kila mmoja na nakala yake ya mchezo, hawahitaji kampuni ya mtu yeyote. Njia rasmi ya msafara ya mwaka 2021 inawatosha: mmoja anafungua, wengine wanaingia, wanabeba mizigo pamoja na kuzungumza njia nzima. Hakuna fomu, hakuna kilomita za mwezi, wala hakuna wa kufukuzwa. Wakiona baada ya nusu mwaka kwamba bado wanakutana kila wiki, hapo wana kitu cha kukipa jina.

Wanaochagua kuajiriwa, kwa sasa, wanashauriwa kuchunga saa. Matangazo ya misafara ya TruckersMP hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Msafara uliotangazwa kuondoka saa 18:00 huondoka saa 3:00 usiku kwa saa za Mpwapwa, na dereva hutakiwa awe ameegesha mahali pake nusu saa kabla ya hapo.