Kabla ya Saiti Mira Kulikuwa na Mtu: Stori ya Kioo Kilichoanzia kwa Dereva wa Farasi

Mwaka 1904, kwenye mitaa ya Chicago kule Marekani, kuna jamaa alikuwa anaendesha gari la kukokotwa na farasi. Jina lake halijulikani mpaka leo. Alichofanya ni kitu kidogo tu: alifunga kioo kwenye gari lake, akawa anaona kinachokuja nyuma bila kugeuza shingo.

Kuna kijana alikiona kile kioo na kikamkaa kichwani. Kijana huyo aliitwa Ray Harroun, na miaka saba baadaye kioo hicho kilimpa ushindi mkubwa.

Macho ya nyuma yalikuwa ya mtu

Enzi hizo magari mengi ya mbio yalibeba watu wawili, dereva na fundi wake. Dereva anakanyaga mafuta, fundi anacheki presha ya oili na kugeuka kila mara kuangalia nani anakuja nyuma. Yaani fundi ndo alikuwa saiti mira yenyewe. Mfikirie utingo wa lori anayening'inia mlangoni akipiga bodi, "rudi, rudi, hapo hapo!" Sasa mweke kwenye gari la mbio.

Tarehe 30 Mei 1911 zikafanyika mbio za kwanza za Indianapolis 500, maili 500, kama kilomita 805. Harroun akaja na Marmon Wasp yenye siti moja. Hana fundi. Wapinzani wakalalamika kwamba huyu ni hatari, nani atamwangalizia nyuma? Ndipo akafunga mbele yake kioo cha kama inchi 8 kwa 3, lile wazo la dereva wa farasi. Alimaliza kwa saa 6 na dakika 42, wastani wa kilomita 120 kwa saa, akawa bingwa.

Lakini kuna kitu watu wengi hawakisemi. Baadaye Harroun mwenyewe alikiri kwamba uwanja ulikuwa wa matofali, gari lilitetemeka mno, na kwenye kile kioo hakuona kitu cha maana. Kioo kiliwanyamazisha wapinzani tu, kuona hakikumsaidia.

Dada wa kioo cha mkononi

Haikuwa kwa wanaume tu. Mwaka 1909 kule Uingereza, dereva maarufu Dorothy Levitt aliandika kitabu cha kuwafundisha wanawake kuendesha. Aliwashauri wabebe kioo kidogo cha mkononi, kile kile cha kujiangalia, na wakiwa barabarani wakinyanyue mara moja moja kuona nyuma.

Kufika miaka ya 1920, Mmarekani Elmer Berger alikuwa anauza kioo kwa jina la "Cop-Spotter". Maana yake ni cha kumuona trafiki kabla hajakufikia! Hata hivyo, kwa miaka mingi kioo cha pembeni kilikuwa kitu cha ziada. Unanunua, unafunga. Marekani ilianza kuwa na kanuni ya taifa ya vioo vya magari mwaka 1968.

Tela likaja kuharibu hesabu

Shida ilirudi upya pale watu walipoanza kuvuta matela. Pikapu kubwa ya Kimarekani ina upana wa kama mita 2, tela la kulala ndani linaweza kufika mita 2.6. Piga hesabu: sentimita 30 zinazidi kila upande. Ukiangalia saiti mira ya kawaida unaona ukuta wa tela na basi.

Ndo vikatokea vioo vya kuvutia tela, vyenye mkono mrefu unaotoka nje kupita upana wa tela. Uingereza hawana utani kabisa: ukivuta tela bila vioo vinavyofaa, faini inafika pauni 1,000 na pointi 3 kwenye leseni.

Lakini mkono ukiwa mrefu, kioo kinatikisika. Ule ugonjwa wa Harroun umerudi! Ndiyo maana wenye pikapu wananunua vioo vya dukani halafu wanavichokonoa tena. Wengine wanaongeza chuma cha kushikilia mkono, wengine wanabandika kioo mbinuko cha duara kwenye kona.

Kioo bapa kinaonyesha umbali halisi ila kinaona sehemu ndogo. Kioo mbinuko kinaona eneo pana, ila kila kitu kinakuwa kidogo na kuonekana kama kiko mbali. Ndiyo maana Marekani vioo mbinuko vya upande wa abiria vinaandikwa onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Kwa hiyo fundi mjanja haondoi kioo bapa, anaongeza mbinuko pembeni yake. Kimoja cha kupima umbali, kingine cha kujua kama kuna mtu.

Na mtu huyo ndiye mwenye stori

Ulaya, waendesha baiskeli na watembea kwa miguu walikuwa wanakufa pembeni ya malori yanayokata kona, sehemu ambayo dereva haoni. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukaagiza malori yaliyosajiliwa tangu mwaka 2000 yafungwe vioo vya kuona zaidi, mwisho Machi 2009. Walengwa walikuwa malori ambayo tayari yako barabarani. Wengi wa waliofanya sheria hiyo ipatikane, majina yao hayamo popote.

Huku kwetu tunaendesha kushoto, dereva anakaa kulia, kwa hiyo giza la lori liko zaidi upande wa kushoto. Pale Barabara ya Mandela, foleni imesimama, bodaboda anapenya kushoto kwa semi-trela ili awahi taa. Yeye anaona kioo kikubwa kabisa kinang'aa, anajua ameonekana. Kumbe kama yeye haoni uso wa dereva ndani ya kile kioo, dereva naye hamuoni.

Miaka zaidi ya mia imepita tangu Harroun amwache fundi wake nyumbani. Na bado lori likirudi nyuma gereji, utingo anashuka, anapiga bodi, anapaza sauti. Kioo hakijaweza kumfukuza kazi.

Wewe ukiwa kwenye boda, huwa unapita upande gani wa lori? Tiririka hapo chini.