Nakala ya Mtoto Yesu (Delacroix)

Nakala ya Mtoto Yesu ni picha ambayo Eugène Delacroix (1798–1863), aliyekuja kuwa kinara wa wachoraji wa Kiromantiki nchini Ufaransa, aliinakili katika ujana wake kutoka *La Belle Jardinière*, kazi tukufu ya Raphael (1483–1520) iliyomo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Miongoni mwa watu watatu wa picha ya asili, yaani Bikira Maria, mwanawe na Yohana Mbatizaji, alimteua mtoto peke yake, ambaye, hali akimwegemea mama, amemwinulia uso kwa mahaba. Athari ya taalimu hiyo ilidhihirika mwaka 1819, alipolichorea kanisa la Orcemont picha ya *Bikira wa Mavuno*.