Uzamili wa fasihi ya Kiingereza: Safari ya kutoka Leeds hadi Nairobi

SHAHADA ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza hufuata shahada ya kwanza. Kwa kawaida mwanafunzi huhudhuria mihadhara, huchagua mada, huandika tasnifu chini ya msimamizi, kisha huitetea mbele ya watahini.

Hayo ni masharti tu. Suala zito, ambalo wasomi wa Afrika Mashariki wameliwania kwa miongo kadhaa, ni hili: fasihi ya nani inastahili kusomwa katika kiwango hicho?

Ngugi wa Thiong'o, aliyehitimu Makerere, alijiunga na Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mnamo 1964. Alinuia kuandika tasnifu kuhusu waandishi wa visiwa vya Karibi, hasa George Lamming wa Barbados. Hakuikamilisha. Badala yake aliandika huko riwaya ya A Grain of Wheat, iliyochapishwa 1967. Haikuwa hasara, na Leeds yenyewe ilimtunuku shahada ya heshima mwaka wa 2004.

Kisa cha Okot p'Bitek kinauma zaidi. Mshairi huyo wa Uganda alipochunguza fasihi simulizi ya Waacholi na Walango katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifanya hivyo chini ya taaluma ya anthropolojia. Nyimbo za aina aliyokuwa akiimba mamake mzazi zilihesabiwa kuwa mila za kuchunguzwa, si fasihi ya kuhakikiwa.

Mnamo Oktoba 24, 1968, Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe. Hawakudai Shakespeare atupwe, kama wengi wanavyodhani. Walitaka Afrika iwe kitovu, nazo fasihi za Uingereza, Ufaransa na kwingineko zisomwe kwa kadiri zinavyohusiana nayo. Fasihi simulizi na Kiswahili zilipewa nafasi katika mpango huo.

Baada ya mabishano makali, Nairobi ikapata Idara ya Fasihi. Mwanafunzi wa uzamili sasa aweza kwenda kijijini, arekodi ngano au nyimbo za matanga, na kuzihakiki kama fasihi kamili. Kazi hiyo si lelemama: sharti anakili kila neno, alifasiri, na aeleze fanani alivyoitikiwa na hadhira yake.

Hata hivyo, nje ya idara za Kiswahili, tasnifu hizo huandikwa kwa Kiingereza. Huenda mzee aliyeimba kwa Kiluo au Kikamba asiweze kusoma kilichoandikwa kuhusu wimbo wake. Ngugi, aliyefariki Mei 28, 2025, aliugeukia Ugikuyu katika riwaya ya Caitaani Mutharabaini ya 1980. Mwanafunzi wa uzamili anayeihakiki katika idara ya fasihi bado humjadili kwa Kiingereza.