Mto Mmoja, Saa Mbili: Sayansi ya Wananchi kati ya Bwera na Kasindi

Mwaka 2017, wakazi 15 wa eneo la Rwenzori nchini Uganda, waliofunzwa na kupewa simujanja, walianza kurekodi maporomoko ya ardhi, mafuriko, matetemeko, radi na maafa mengine: yametokea wapi, lini, yameharibu nini. Anayeifahamu wilaya ya Kasese ya huko haulizi kwa nini. Mei 2013 Mto Nyamwamba uliivamia Kilembe. Mei 2020 ukarudi na kuiharibu vibaya hospitali yake.

Kazi ya namna hii itavukaje mipaka ya nchi? Jibu lililozoeleka ni kuongeza watu na kuziingiza taarifa zao katika hazina za data za dunia. Naona jibu hilo linaanzia mwisho. Tuitazame Fort Collins, Colorado. Baada ya mafuriko ya Julai 1997, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walianzisha mwaka 1998 mtandao wa wakazi wa kupima mvua, CoCoRaHS, ambao umeenea Marekani nzima, Kanada na Bahamas. Uliwezekana kwa kuwa kila mshiriki hutumia kipimamvua cha aina moja. Poromoko halina chombo kama hicho. Mtazamaji huamua mwenyewe limeanzia wapi, kama ni moja au ni matatu yaliyoungana, na kama linastahili taarifa. Uamuzi huo ndio unaopaswa kuvuka mpaka kwanza.

Na mpaka wenyewe uko karibu. Mto Lhubiriha hushuka kutoka milimani na kupita kati ya Mpondwe, jirani na Bwera, na Kasindi ya Kongo. Upande wa Uganda husemwa Lukonzo, upande wa Kongo Kinande, na watu huelewana. Saa ndizo hazilingani: saa nne asubuhi Mpondwe ni saa tatu Kasindi. Taarifa mbili za mafuriko yaleyale, zisipotaja saa ya upande gani, zitamfanya mtafiti aliye mbali adhani maji yalifika ukingo mmoja saa nzima kabla ya mwingine. Kosa hilo halirekebishwi kwa wingi wa washiriki.

Linalonitia hofu zaidi ni weupe wa ramani. Bonde lisilo na mtazamaji halina alama, na mpangaji huweza kuliona salama, hata kama ardhi yake imeporomoka mara tatu. CoCoRaHS huwahimiza wapimaji waripoti hata siku isiyo na mvua. Fomu za Rwenzori nazo zinahitaji mahali pa kuandika: nimepita, sikuona kitu.

Kwa hiyo upanuzi wa kwanza ningeuweka hapo mpakani. Kabla ya mvua za Machi, watazamaji wa Bwera na wa Kasindi wakae na picha zilezile za miteremko iliyobomoka, wabishane hadi wakubaliane lipi liitwe nini kwa Lukonzo na Kinande, kisha waandike fomu moja kwa Kiswahili. Tafsiri za Kiingereza na Kifaransa zifuate fomu hiyo.